Mama wa miaka 70, meli ya kitalii na tangazo la dola 699

"Shikamoo. Mama yangu anatimiza miaka 70 Oktoba hii, na mimi na ndugu zangu tumechanga shilingi 450,000 nimpeleke safari ya meli. Nimepata tangazo kwenye simu: usiku 7 Mediterania kuanzia Barcelona, kupitia Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo wanasema ni Roma, Palermo na Tunis, dola 699 kwa kila mtu. Wakala anasema bei imejumuisha kila kitu. Anasema viza si lazima kwa sababu tutalala melini, hatulali nchi kavu. Anataka nilipe zote kufikia Ijumaa kwa nambari yake ya simu, la sivyo nafasi itaenda. Mama ana presha na anameza dawa kila siku, goti la kulia humsumbua, na chombo pekee cha majini alichowahi kupanda ni feri ya Likoni. Anaogopa, maana anakumbuka Mtongwe. Pasipoti yake inaisha Februari. Nilipe au niache?"

Marahaba, binti yangu. Usilipe Ijumaa. Nimeanza na hilo kwa sababu siku zinakwenda. Mengine tuyazungumze bila haraka.

Sikukatazi meli. Nimesafiri nazo kwa miaka mingi, nimeshapeleka wazee wa kwetu wawili, na najua raha anayoipata mzee anapouona mji unamjia taratibu huku yeye ameketi na kikombe chake cha chai, bila kufunga na kufungua masanduku kila siku. Kwa mtu mwenye goti linalouma, meli ni mojawapo ya njia nzuri kabisa za kuona miji mingi. Lakini umeanza na meli, na meli ndiyo kitu cha mwisho kuchagua. Cha kwanza ni mama mwenyewe, yaani mwili wake, hofu yake na kile anachotamani kukiona. Kisha pasipoti na viza. Kisha kalenda. Hivyo vikikaa sawa, meli zipo tele na zinaondoka kila wiki.

Nianze na viza, maana hapo ndipo wakala alipokupotosha vibaya zaidi. Sheria ya mipaka haiulizi mtalala wapi. Inauliza mguu wenu unakanyaga wapi. Kabla hamjaiona hiyo meli, ndege itakuwa imewashusha Ulaya, na afisa wa uhamiaji atataka viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Mwenye pasipoti ya Kenya anaihitaji, hata kama kitanda chake kinaelea. Tena kampuni ya meli yenyewe hukagua makaratasi gatini kabla ya kumruhusu mtu kupanda. Asiye na viza huachwa pale pale na sanduku lake, na nauli hairudishwi, kwa kuwa masharti ya tiketi yanasema wazi kwamba makaratasi ni jukumu la msafiri.

Halafu kuna jambo ambalo hata mawakala waaminifu hulisahau. Tunisia haimo katika eneo la Schengen. Meli ikitoka Palermo kwenda Tunis, mmetoka Schengen. Ikirudi Barcelona, mnaingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi yake siku ile mlipotua na ndege. Mnahitaji ya kuingia zaidi ya mara moja, na ni lazima muiombe hivyo tangu mwanzo, mkiambatisha ratiba ya meli siku kwa siku ili anayelisoma ombi lenu aone sababu. Na Tunis yenyewe ina masharti yake kwa wageni. Kampuni ya meli ikupe jibu la maandishi kuhusu pasipoti ya Kenya kabla hujatoa hata shilingi. Wanaotoka Dubai kuzunguka Ghuba, na wanaotoka Miami kuzunguka Karibi, hukutana na tatizo hili hili: meli inaondoka kwenye nchi iliyokupa viza, kisha inarudi.

Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Bima ya safari ni lazima, na igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi; siku zikilingana, mnaomba kwa ile mtakayoingilia kwanza. Kwa hiyo keti na karatasi uhesabu siku za Hispania na siku za Italia, pamoja na usiku wa hoteli kabla na baada ya meli. Kwa mama aliyestaafu, tayarisha taarifa za pensheni na za benki, pamoja na barua ya ninyi watoto mnaogharamia safari, ikiambatana na taarifa zenu za benki. Na usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla viza haijatoka.

Sasa tazama pasipoti inayoisha Februari. Kwa Schengen, pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku mtakayotoka, kwa hiyo safari ya Oktoba ingepita, tena kwa kubana sana. Lakini kampuni nyingi za meli hudai miezi 6. Mtu anaweza kuwa na viza halali kabisa na bado akazuiwa gatini. Fanyeni upya pasipoti ya mama kwanza, kabla ya viza na kabla ya meli. Ombi linajazwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha anafika mwenyewe kwa picha na alama za vidole. Akienda Nyayo House, ofisi za uhamiaji Nairobi, mpeleke asubuhi na mapema, na goti lile lisimamishwe kwenye foleni kidogo iwezekanavyo. Mwombe askari wa mlangoni akuonyeshe wanapohudumiwa wazee.

Tuje kwenye bei. Dola 699 haikuandikwa kwa uongo, lakini ni bei ya kitanda. Kebini ikiondoka bandarini tupu haiuziki tena, kama kiti cha matatu iliyoondoka stejini na nafasi wazi. Kwa hiyo kampuni huishusha bei ya kitanda hadi kijazwe, kisha hutafuta faida ndani ya meli: vinywaji, kasino, intaneti, picha, matembezi ya bandarini. Kwa kampuni kubwa, karibu theluthi ya mapato hutoka huko. Ukilijua hilo, utalisoma tangazo kwa jicho jingine. Mnachopata bila kulipa zaidi ni kulala, chakula cha mikahawa ya kawaida, chai na maji ya pale kwenye meza za kujipakulia, bwawa, na maonyesho ya jioni. Kwenye meli nyingi za Mediterania, hata chupa ya maji inayoletwa mezani wakati wa chakula cha jioni hulipiwa.

Fanya hesabu nami, kwa dola ya takriban shilingi 130 na euro ya 150. Vitanda viwili ni kama 182,000. Ada na kodi za bandari mara nyingi haziandikwi kwa herufi kubwa, ziwekee 44,000. Ada ya huduma hutozwa kwa kila mtu kwa kila siku, na kwa wiki nzima, watu wawili, weka 25,000. Ndege za kwenda na kurudi kutoka Nairobi kwa watu wawili, 220,000, na hapo umenunua mapema. Viza na malipo ya kituo, 33,000. Bima 14,000, na kwa umri wa mama huenda ikapanda. Hoteli usiku mmoja kabla na mmoja baada, 40,000. Usafiri na viingilio kwenye bandari zote, mkijibana, 60,000. Jumla ni 618,000. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya bei ya tangazo, na imezidi mchango wenu kwa 168,000. Hizi ni hesabu za mkono wangu na zitasogea kulingana na mwezi, lakini hazitashuka hadi 450,000.

Usiku wa hoteli kabla ya meli usiuondoe ili kuokoa pesa. Ndege ikichelewa, meli haiwangojei. Na kuna kadi: ndani ya meli hakuna anayelipa kwa noti, kila kitu huandikwa kwenye kadi ya kebini ambayo imeunganishwa na kadi yako ya benki. Ukitumia kadi ya akaunti ya kawaida, watazuia kiasi fulani kila siku hata kama hujanunua kitu, na unaweza kushuka Marseille ukakuta salio lipo ila huligusi. Nenda na kadi mbili, na iarifu benki yako kabla. Simu nayo, weka kwenye hali ya ndege mara meli inapoacha gati. Mtandao wa simu wa katikati ya bahari hupitia setilaiti, na dakika chache za kufungua picha za WhatsApp zinaweza kula pesa za chakula cha siku mbili.

Na Roma? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi huvunjika moyo. Civitavecchia ni mji wa bandari ulio kama kilomita 70 hivi kutoka Roma. Meli ikifunga saa 1 asubuhi, mnashuka saa 2 baada ya umati kupungua. Basi la bandari hadi nje, kisha kituo cha treni, kisha karibu saa moja ya treni. Mko Roma saa 4. Meli ikiondoka saa 1 jioni, abiria wote wanatakiwa ndani saa 12, na mwenye busara anaanza safari ya kurudi saa 9 alasiri. Kwa hiyo Roma yenu ni saa 5, pamoja na chakula na choo, kwa mama anayetembea polepole. Atauona uwanja mmoja na kanisa moja. Saa 5 hizo zinaweza kuwa tamu mno akijua mapema kwamba ni saa 5. Lakini kama moyo wake uko Vatikani, kama ni Mkatoliki na hilo ndilo aliloliombea miaka yote, basi meli ni chombo kisichofaa kwa ndoto hiyo. Mpeleke Roma kwa ndege, mkae usiku 5, akae kanisani atakavyo. Viza inakuwa rahisi zaidi na pesa zenu huenda zikatosha.

Niliwahi kusimama ukingoni mwa sitaha kwenye bandari hiyo, ngazi ikiwa imeshavutwa, nikawaona mume na mke wakikimbia gatini. Mwanamke alikuwa ameshika viatu mkononi. Mfanyakazi wa bandari aliwapungia mikono kuwaonyesha wasimame, maana kamba zilikuwa zinafunguliwa. Walibaki pale wakiitazama meli ikijitenga na ukuta, kwanza upana wa mkono, kisha upana wa barabara. Pasipoti zao, kama ilivyo kawaida, zilitolewa kwenye kebini zikaachwa kwa wakala wa bandari, nao wakaifuata meli bandari iliyofuata kwa gharama yao. Ukinunua matembezi ya meli yenyewe, basi lao likichelewa meli hungoja, au kampuni hukufikisha bandari inayofuata. Ni ghali, lakini kwa Roma, kwa sababu ya umbali, mimi ningeyalipia. Genoa na Palermo hamhitaji. Meli hufunga karibu na mji, mnashuka mkitembea.

Turudi kwa mama. Anaogopa, na hofu yake ina historia. Ile feri ya Mtongwe, Aprili 1994, ilizama ikaua watu 272. Nani wa rika lake aliyesahau? Usimwambie kwamba ni ujinga. Mwambie tofauti. Ile ilikuwa feri ndogo iliyojazwa kupita kiasi, haikuwa na muda wala vifaa vya kuokoa watu. Meli ya kitalii huhesabu kila anayepanda kwa kadi yake, na ina mashua za kuokolea, maboya na kituo maalumu cha kila abiria kukutania. Pia mwambie ukweli kwamba ajali hutokea. Januari 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, kwa sababu nahodha aliisogeza karibu mno na pwani, na amri ya kuiacha meli ikachelewa kutolewa. Watu 32 walikufa kati ya zaidi ya 4,200 waliokuwamo. Baadhi ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanyiwa zoezi la dharura. Siku hizi kanuni inataka zoezi hilo lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Kwa hiyo mkifika, kabla ya bwawa na kabla ya chakula, mwende na mama hadi kituo chenu mkahesabu ngazi na milango njiani. Mfundishe mlio: honi fupi saba au zaidi, kisha moja ndefu. Shangazi yangu alipojua njia yake ya kutokea, usiku wa kwanza alilala.

Kuhusu kulewa bahari, wengi hudhani ni tumbo bovu au chakula. Chanzo kiko sikioni. Ndani ya sikio kuna vifereji vyenye majimaji vinavyouambia ubongo kwamba mwili unayumba. Macho yakiwa ndani ya kebini yanaona ukuta uliotulia na kuuambia ubongo kwamba hakuna kinachosogea. Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, kichefuchefu kinaanza. Ndiyo maana kukaa nje ukiangalia mstari ambapo bahari inakutana na mbingu husaidia: macho na sikio vinarudi kukubaliana. Meli kubwa ina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba, na bahari ya Mediterania mwanzoni mwa Oktoba mara nyingi ni pole, ingawa haikosi siku mbaya.

Kisha kebini. Wazee wa pwani husema enda tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo), marejeo ni ngamani. Nahodha wa jahazi alijua ngama iko wapi: katikati na chini, mahali ambapo chombo husogea kidogo kuliko popote. Meli ni kama bembea ya ubao, ncha zinapanda na kushuka huku katikati pakitulia. Basi mchukulie mama kebini ya sitaha za chini, katikati ya meli, karibu na lifti kwa ajili ya goti, na iwe na dirisha ili aone mstari wa bahari. Ninaipendelea hiyo kuliko kebini yenye roshani juu kabisa ambayo mawakala hupenda kuiuza. Kebini ya dola 699 bila shaka ni ya ndani isiyo na dirisha, na mara nyingi haikupi nafasi ya kuchagua iko wapi. Kuongeza kidogo kwa ajili ya dirisha na mahali ni pesa iliyotumika vizuri.

Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo kwa mfamasia, na hufanya kazi ukizimeza kabla, si baada ya kuanza kutapika. Lakini nyingi humlaza mtu na kumpa kizunguzungu, na mzee mwenye kizunguzungu kwenye sakafu inayoyumba huanguka. Kwa hiyo hapa sikuandikii dawa. Mpeleke kwa daktari anayemtibu presha, wiki 6 hivi kabla, mkiwa na dawa zake zote mkononi. Ulizeni mambo mawili: presha imetulia vya kutosha kwa safari ndefu ya ndege, na ni dawa ipi ya kichefuchefu isiyogongana na zake. Tangawizi haina madhara kwa wengi, hata hivyo mtajieni daktari. Na kama mama ana maumivu ya kifua, anahema akipanda ngazi chache, miguu inavimba, au dawa zake zimebadilishwa karibuni, basi hakuna mazungumzo ya meli hadi aonekane hospitalini ana kwa ana.

Dawa zake zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Nalisema hili kwa uchungu. Bandarini, masanduku makubwa huchukuliwa na wapagazi na kuletwa mlangoni pa kebini baadaye. Safari yangu ya kwanza na shangazi, nilizifunga dawa zake ndani ya sanduku kwa uangalifu mkubwa, ndani ya soksi zisivunjike. Tulipanda saa 6 mchana. Sanduku lilifika saa 2 usiku. Kwa saa zote hizo alikaa kitandani akinitazama bila kulalamika, na mimi nilishuka na kupanda ngazi nikiuliza kila aliyevaa sare. Beba dozi za siku 10 zaidi ya zile za safari, zikiwa katika pakiti zake halisi, pamoja na barua ya daktari. Kliniki ya melini ipo, ina daktari na wauguzi, lakini hulipiwa, na bei zake ni kali. Kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, haitakusaidia pale. Bima yenu isome hadi mwisho uone kama inagharimia ugonjwa uliokuwapo kabla ya safari, yaani hiyo presha, na kama inagharimia mgonjwa kutolewa melini na kupelekwa hospitali ya nchi kavu. Bima nyingi za bei rahisi huikwepa presha kwa sentensi moja iliyofichwa.

Sasa nikwambie ningefanya nini na 450,000. Ningeangalia Durban. Kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili, meli za kitalii hutoka pale kwa safari za usiku 3 au 4 kwenda pwani ya Msumbiji, kwenye kisiwa cha Wareno karibu na Inhaca, na nyingine hufika Pomene. Tangu Januari 2023, Mkenya hahitaji viza ya Afrika Kusini kwa hadi siku 90 kwa mwaka, na Msumbiji nayo haidai viza kwa ziara fupi ya Mkenya. Mnaruka hadi Johannesburg, mnabadilisha ndege, mnalala Durban, mnapanda. Kwa hesabu yangu mtarudi na chenji. Jambo la kukumbuka ni cheti cha homa ya manjano, ambacho Afrika Kusini hukidai kwa wanaotoka Kenya. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa na siku hizi hudumu maisha yote, lakini kwa mtu aliyepita miaka 60 daktari hupima kwanza kama inamfaa, kwa hiyo liingize kwenye mazungumzo yale ya presha.

Durban ina ubaya wake, na sitaki uugundue ukiwa huko. Bahari yake ni kali kuliko Mediterania. Mkondo wa Agulhas hushuka kwa nguvu kando ya pwani kuelekea kusini-magharibi, na upepo ukivuma kutoka kusini-magharibi, unapambana na mkondo uso kwa uso na mawimbi husimama kama ukuta. Meli inaweza kuyumba usiku kucha. Halafu kule visiwani hakuna gati. Meli hutia nanga mbali na abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Kwa goti la mama, kushuka kwenye mashua inayopanda na kushuka huenda kusiwezekane, na bahari ikichafuka hakuna anayeshuka, abiria wote hubaki melini. Kuanzia Januari hadi Machi vimbunga vya mlango wa bahari wa Msumbiji navyo huingia kwenye hesabu, kwa hiyo ningechagua Novemba, mwezi mmoja tu baada ya siku yake ya kuzaliwa. Ni usiku 3. Akichukia, zimeisha. Akipenda, mnachanga tena, pasipoti yake mpya ipo, na Mediterania ya Mei inamngoja bila ile haraka ya Ijumaa.

Kuhusu wakala. Mwenye biashara halali ya safari hapa Kenya huwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na wengi ni wanachama wa chama cha mawakala, KATA. Mwombe nambari ya leseni, kisha nenda ofisini kwake kwa miguu yako. Pesa ziingie kwenye Paybill au akaunti yenye jina la kampuni, kamwe si kwenye simu ya mtu binafsi. Kwa kawaida hulipi zote kwa mkupuo: hulipwa amana kwanza, na salio hudaiwa kama siku 60 hadi 90 kabla ya meli kuondoka. Mkishalipa amana akupe nambari ya nafasi ya kampuni ya meli yenyewe, uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya hiyo kampuni. Jina la mama likitokea pale, nafasi ipo. Lisipotokea kwa siku mbili, nenda polisi na risiti zako. Huyu wa kwako ameshakwambia kwamba viza haihitajiki. Hata akiwa na leseni, mimi nisingemkabidhi mama yangu.

Na kabla ya daktari, kabla ya Nyayo House, fanya jambo moja. Mpeleke mama Mombasa kwa treni mwisho wa wiki moja, mshuke hadi Shimoni, mpande mashua ya kwenda Wasini. Nenda wakati upepo wa kusi hauvumi kwa nguvu. Msikae ndani chini ya turubai. Mkalishe pale anapoona mstari wa bahari, mpe kipande cha tangawizi, umtazame. Mkirudi pwani muulize anataka kuona nini hasa akiwa na miaka 70, na umwache ajibu bila ninyi watoto kumjibia. Kisha niandikie jibu lake na mwezi mliouchagua, tutafute kebini pamoja.